Wanavitaka vyombo vyangu, mimi hawanitaki

BARUA

Assalaam alaykum Mama,

Jina langu naomba ulihifadhi. Unguja ni ndogo, na wanaohusika na barua hii huenda wakawa wa mwanzo kuisoma.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya sekondari hapa Mjini, nina mke na watoto wawili. Napiga gitaa la besi. Sijawahi kulitegemea kwa chakula, ni mapenzi tu, yaliyoanzia kwenye kanda za roki za kaka yangu. Kila aliyezisikiliza kanda zile alitaka kupiga solo. Sikio langu lilikuwa likienda chini, kwenye ile sauti nzito inayotembea pamoja na dramsi.

Bendi yetu ni ya watu wanne: mimi, mpiga solo, mwimbaji ambaye pia anapiga ridhimu, na mpiga dramsi, ambaye ni kaka wa mke wangu. Tulianza kwa mazoezi kwenye chumba kitupu Kikwajuni, madirisha tumeyaziba kwa magodoro ili majirani wapumzike. Baadaye tukaanza kuitwa: mkahawa Mji Mkongwe, sherehe ya mgeni aliyetimiza miaka, mara nyengine hoteli za pwani ya mashariki mwisho wa wiki. Tunapiga kopi za roki ya zamani. Bendi ya Queen haikosi, kwa sababu wageni mchana wanakwenda Shangani kutazama habari za mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa 1946, na jioni wanataka nyimbo zake. Tuna na nyimbo zetu chache za Kiswahili, tunazipiga mapema kabla watu hawajajaa.

Sasa vyombo. Karibu vyote ni vyangu. Nilivinunua kimoja kimoja kwa pesa za tuisheni: besi na amplifaya yake kutoka kwa mpigaji aliyekuwa akirudi kwao, mixa na spika mbili nilivitoa Kariakoo nikavuka navyo kwa boti, kisha maiki, stendi na nyaya. Kuvitunza pia ni juu yangu. Hewa ya bahari inakula kila kitu. Nyuzi za besi zinapoteza sauti mapema, nazo ni ghali, kwa hiyo nazichemsha kwenye sufuria nipate siku chache zaidi. Waya ukikatika naulehemu mwenyewe. Siku ya shoo, anayefika mwanzo kufunga vyombo ni mimi, na anayeondoka mwisho ni mimi. Wenzangu sijawatoza hata senti. Tunachopata tunagawana sawa kwa wanne.

Mwezi uliopita hoteli moja ya Paje iliyowahi kutuita ilitaka kutupa mkataba wa msimu, Julai hadi Septemba, usiku nne kwa wiki, shilingi 240,000 kwa usiku. Mpiga solo ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Nilifurahi mpaka aliporudi na masharti. Meneja anataka watu watatu. Anasema jukwaa ni dogo, na besi inaingia vyumbani mpaka wageni wanalalamika. Hili la pili nalielewa. Uzi mnene wa besi ukiachiwa unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, wimbi lake linazidi mita 8, na sauti ya namna hiyo ukuta hauizuii kama unavyozuia sauti nyembamba. Tena jukwaa lile ni la mbao na chini ni tupu. Ukiweka amplifaya juu yake, jukwaa zima linavuma.

Mpiga solo akasema njia anayo: besi itatoka kwenye kompyuta, imesharekodiwa, nao watapiga juu yake. Nyimbo kadhaa keshazitayarisha. Amezitoa kwenye rekodi za mazoezi yetu, kwa hiyo mapigo yale ni yangu, nayajua kama sauti ya mwanangu. Kisha akaniambia mbele ya wote, "Kaka, wewe una kazi yako. Tuachie vyombo msimu huu, mjini tutapiga sote kama kawaida." Mwimbaji akawa anachezea simu. Shemeji yangu hakutamka neno.

La kukodi hakulitaja mtu. Kukodi spika na mixa kama zangu hapa ni kiasi cha 100,000 kwa usiku, nao wanajua.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia mke wangu kwamba kesho nakwenda kuvitoa vyombo vyote Kikwajuni, wajitafutie. Akaniuliza kwa upole, "Na kaka yangu atakula nini?" Shemeji hana kazi nyengine. Ana mtoto mchanga, na msimu huu ndio aliokuwa akiungojea. Tangu siku ile, habari hii ikianza tu, mmoja wetu huinuka akaenda chumba chengine.

Kuna mzee jirani yetu, wa klabu ya taarab, kasikia na kaniambia niende nikajifunze dabalbesi, lile besi kubwa linalopigwa kwa kusimamishwa, wanahitaji mtu. Nimemshukuru, lakini naona nikienda nitakuwa nimekubali kwamba nimefukuzwa.

Nikivitoa vyombo, nimewanyima riziki watu niliokua nao, na mmoja ni ndugu wa mke wangu. Nikiwaachia, nitabaki mchukuzi wa spika wa bendi isiyonitaka. Wanangoja jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Mpiga besi, Mjini Unguja

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nasimama kwenye zile rekodi za mazoezi. Spika zako zinatakiwa, mapigo ya vidole vyako yanatakiwa, ila wewe uliye nyuma ya vyote hivyo unaambiwa upumzike. Tena umeambiwa mbele za watu, na mume wa dada akitendewa hivyo, shemeji yake kanyamaza. Hasira zako sizioni kuwa kubwa kupita kiasi, na sitakwambia "ni mambo madogo hayo". Kitu ulichokijenga kwa pesa za tuisheni na kwa miaka ya ujana wako hakiwezi kuwa kidogo.

Lakini naona ndani ya barua hii mmeandika watu wawili. Mmoja ni mpiga besi. Mwengine ni mwenye vyombo. Miaka yote hii mmekaa katika shati moja, na hakuna aliyewahi kuwatenganisha, si wewe wala wenzako. Wavuvi wa Nungwi hawaliachi jambo hili bila kulisema: samaki wakishauzwa, kuna fungu la chombo na nyavu, na kuna mafungu ya mabaharia, na mwenye chombo akiingia baharini anapata yote mawili. Bara nako ilikuwa hivyo hivyo kwenye dansi. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964, chama cha wafanyakazi ndicho kilichokuwa na vyombo, na wapigaji waliajiriwa kwa mshahara, kwa hiyo kila mtu alijua vyombo ni vya nani na yeye ni nani. Nyinyi mlikuwa marafiki, mkaona haya kuhesabiana. Wewe ulidhani ukarimu wako unaonekana. Wao, nahofia, waliuzoea mpaka wakaacha kuuona. Ndiyo maana rafiki yako aliweza kutamka "tuachie vyombo" kana kwamba anaomba kiberiti.

Basi kabla hujaamua lolote, niruhusu nikuulize mambo mawili matatu.

La kwanza: wangekwambia njoo, ungekwenda? Usiku nne kwa wiki, Paje ni kiasi cha kilomita 50 kutoka Mjini, unarudi saa nane za usiku na asubuhi watoto wa watu wanakungoja na mitihani yao ya fizikia. Katika barua nzima hukuandika kwamba ungeweza. Huenda ungeweza, mwenyewe ndiye unayejua. Au huenda ungekaa na mke wako, mkapima, ukawaambia wenzako kwa mdomo wako, "Msimu huu siwezi." Matokeo yangekuwa yale yale na maumivu yangekuwa mengine kabisa. Najiuliza kama kinachokuunguza ni kukosa nafasi, au ni kuamuliwa na watu ambao hawakukuuliza.

La pili ni la meneja. Maneno yake umeyapata kupitia mpiga solo. Simtuhumu kijana wa watu, lakini wewe hukuwepo. Na wewe mwenyewe, mwalimu, umenieleza kwamba sauti ya mitikisiko 41 haizuiwi na ukuta. Hiyo besi ya kompyuta itapita kwenye spika zile zile, itaingia vyumbani kwa njia ile ile. Haitaingia ikiwa wataipunguza, na ya kwako pia inapunguzika. Unajua kuliko mimi kwamba besi inaweza kuunganishwa moja kwa moja kwenye mixa bila ya amplifaya, na spika zikaondolewa juu ya zile mbao. Kwa hiyo sababu inaweza kuwa ni sauti, na inaweza kuwa ni kitu chengine: sahani moja pungufu ya chakula, kiti kimoja kwenye gari. Au ni hesabu. 240,000 kwa watatu ni 80,000 kila mtu, kwa wanne ni 60,000. Kwa mwenye mtoto mchanga na hana kazi nyengine, hiyo tofauti ya 20,000 kwa usiku ni 80,000 kwa wiki. Sisemi kwamba ndivyo walivyofikiri. Nasema kwamba hakuna aliyeiweka mezani, na mtu hawezi kujibu swali ambalo limefichwa.

Umefikiria kuvitoa vyombo. Haki hiyo unayo, ni mali yako. Na hesabu iko upande wako: wakikodi kwa 100,000, watabaki na 140,000, yaani 46,000 na ushee kila mmoja. Kukuchukua wewe na spika zako kunawapa zaidi kuliko kukuacha. Ukiwaonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi, huenda wakabadilika siku ile ile. Ila jiulize utajisikiaje mwezi wa Agosti, umesimama kwenye lile jukwaa la mbao, ukijua kwamba umepandishwa na spika. Na nyumbani, hata ukishinda hoja, kuna mtu atakayekuwa anatazama sahani ya kaka yake.

Kuwaachia bure nako kuna watu wanaoweza, na wakaendelea kulala vizuri. Sijui kama wewe ni mmoja wao. Kipimo changu ni hiki: spika ikiungua Paje katikati ya msimu kwa sababu umeme umerudi kwa nguvu na hakuna aliyechomoa nyaya, utaweza kuwaambia "haidhuru" na ikawa kweli haidhuru? Mchanga, chumvi, kubebwa na watu ambao hawajawahi kulehemu waya, yote hayo yatatokea. Ukijiona unajibu "haidhuru" kwa mdomo huku moyo unaandika daftari, deni hilo watakuja kulilipa wasipolijua, tena kwa riba.

Njia ya katikati ni fungu la vyombo. Tuseme 30,000 kwa usiku: kunabaki 210,000, kila mmoja anapata 70,000, na wewe unapata cha kununulia nyuzi. Kiwango nimekitaja kwa mfano tu. Yakifika huko, yaandikwe: nani anavisafirisha, nani analipa kikiharibika, vinarudi Kikwajuni siku gani. Najua kuandikiana na mtu uliyekua naye kunatia aibu mwanzoni. Na ipo hatari nyengine, kwamba utageuka mdai wa rafiki zako na mdai wa shemeji yako, na wewe si mtu wa kudai, hilo naliona kwenye maandishi yako. Tena kuna kitu kichungu katika kulipwa kwa ajili ya spika zinazopiga besi ya mashine mahali ulipokuwa ukisimama. Kama uchungu huo huuwezi, usijilazimishe kwa sababu ya 30,000.

Wakati nawaza hayo nikafikiria pia Ijumaa na Jumamosi. Usiku nne si lazima ziwe za namna moja. Siku za skuli wapige na kompyuta, mwisho wa wiki wapige na wewe, sauti ikiwa chini na amplifaya ikibaki nyumbani. Meneja anaweza kukataa. Na hata akikubali, utaikuta bendi imeshazoea mashine isiyochelewa wala kukosea, itabidi mjifunze kusikilizana upya. Lakini nao watakuwa wamejifunza kwamba watu wakishachangamka na wanataka kiitikio kirudiwe, kompyuta haiongezi hata pigo moja nje ya ilichorekodiwa.

Mapigo yako naomba usiyachanganye na spika. Ni mambo mawili, na kwangu mimi hili la mapigo ndilo zito zaidi. Unaweza kuwapa spika na ukawaambia, "Rekodi zangu sitaki zitumike, tafuteni sauti nyengine." Unaweza pia kuwaruhusu. Ila hilo linahitaji kuombwa, na hukuombwa. Sisi hapa tuliwahi kuyaona haya: ilipoingia taarab ya kisasa miaka ya 1990, kinanda kimoja kilifanya kazi iliyokuwa ya safu nzima ya fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na wazee waliokuwa na mikono ya dhahabu wakabaki majumbani. Wapo walionyamaza na wapo walioendelea kupiga, na fidla mpaka leo inasikika. Sikwambii usubiri kompyuta iwashinde wenzako. Kumngoja mtu aanguke ni kazi inayomchosha anayengoja.

Kwa vile mnapiga Queen, huenda unaijua habari ya John Deacon, mpiga besi wao aliyeingia 1971. Alisomea elektroniki, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota kipande cha mitambo kilichotupwa, akakitengeneza kuwa amplifaya ndogo. Aliyeifaidi zaidi alikuwa mpiga gitaa, Brian May, ambaye aliitumia katika rekodi nyingi za bendi. Freddie alifariki 1991, na kufikia mwisho wa muongo ule Deacon alijitoa katika muziki wa hadharani. Wenzake wakaendelea na wapiga besi wengine, amplifaya yake ikabaki kwa May. Nimekusimulia kwa sababu moja tu: chombo na aliyekitengeneza wanaweza kuachana kwa salama, pale anayeondoka anapokuwa ameamua mwenyewe. Kwako bado hujapewa nafasi ya kuamua, na hilo ndilo ningependa ulidai kwanza, kabla ya pesa na kabla ya spika.

Mzee wa taarab naye usimwache hewani. Dabalbesi ina nyuzi nne, kawaida zinatyuniwa kama za besi yako, lakini shingoni haina vile vyuma vya kukuonyesha noti ilipo, sikio ndilo linaloongoza. Ni shule mpya kwa mpiga roki. Klabu zetu kongwe, kama Ikhwani Safaa iliyoanza 1905, zimeishi kwa sababu kila kizazi kimetoa watu wa kukaa chini na kujifunza hivyo. Kwenda huko si kukubali kwamba umefukuzwa, isipokuwa ukienda kwa ajili hiyo. Ukienda kuwakomoa wenzako, yule mzee atapata mpigaji wa miezi mitatu, na yeye anatafuta wa kudumu. Unaweza kwenda kusikiliza mazoezi siku moja bila ya kuahidi kitu.

Nimemaliza vyombo, nirudi kwa watu. Mke wako, kwa ulivyoandika, hakukwambia "waachie". Alikuuliza swali, na mpaka leo hamjakaa kulijibu. Pengine yeye pia amekwama katikati: mume wake amedhalilishwa na aliyenyamaza ni kaka yake. Mwambie kwamba unaliona hilo. Na shemeji yako, wewe umekisikia kimya chake kama usaliti. Kinaweza kuwa usaliti, na kinaweza kuwa aibu ya mtu mwenye shida aliyewekewa riziki mbele ya uso wa shemeji yake. Kabla ya kikao cha bendi, na mbali na mpiga solo, mwite nyumbani ale, halafu mtoke nje wawili nyinyi na umuulize alikuwa anataka kusema nini siku ile. Muulize pia kama yeye, anayeshika dramsi, anaona raha kupiga na besi isiyomsikiliza.

Mwisho wa mwezi haujafika, na hoteli ikitaka sana bendi itaweza kungoja siku chache zaidi. Niandikie tena ukishazungumza naye. Nataka sana kujua shemeji amejibu nini.